Kiwanja chake, tofali zangu: tunagawanaje?

MamaNaima_Kivule

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naombeni ushauri wa kweli, wa kunifariji nimeshapewa na majirani.

Niliolewa mwaka 2010, ndoa ya Kiislamu, cheti ninacho. Mume wangu alikuwa dereva wa daladala, na kiwanja cha Kivule alishakinunua mwaka 2008 kwa milioni moja na laki mbili. Mkataba wa mauziano una jina lake na muhuri wa serikali ya mtaa. Hilo sibishani nalo. Ila mimi nilipopelekwa kuonyeshwa, palikuwa na mikorosho miwili na shimo la takataka la majirani, basi. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ukonga.

Ujenzi tulianza 2012. Hela ya msingi alitoa yeye, nondo, kokoto, saruji, kumwaga jamvi, sitamnyima haki yake. Kuanzia hapo kwenda juu tulichanganya. Yeye alishahamia kwenye malori ya Tunduma, mwezi mzima hayupo. Mimi nilikuwa nauza chapati na maharage asubuhi, jioni mihogo ya kukaanga. Tofali za inchi sita 1,800 zilifyatuliwa palepale kiwanjani na mimi nimekaa kwenye ndoo nahesabu, maana ukigeuka tu fundi anatoa tofali arobaini kwenye mfuko mmoja wa saruji badala ya thelathini, na tofali ya hivyo ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Maji ya kumwagilia nilinunua kwa dumu. Mafundi nilikuwa nawapikia mimi, ndiyo maana walikubali bei waliyokubali.

Mwaka 2015 tukakwama kwenye kupaua. Nikakopa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, milioni tatu, zikanunua mbao na bati za geji 30, nikarejesha kwa hela ya chapati na riba yake. Daftari la kikoba ninalo, lina mafuta ya kupikia kila ukurasa lakini linasomeka. Mwaka 2018 yeye akajenga fremu mbili za maduka mbele, hizo hela yake karibu yote. Kodi ya fremu inaingia kwenye simu yake mpaka leo.

Mwaka 2019 nilinunua bajaji iliyotumika, milioni nne na nusu. Milioni tatu ni mgao wangu wa kikoba, milioni moja na nusu alinipa yeye. Kadi ina jina langu. Hiyo ndiyo inayosomesha watoto, mmoja ana miaka kumi na miwili, mwingine mitano.

Mwaka huu baada ya mfungo akaniletea karatasi ya talaka. Eda imekwisha. Wakaitisha kikao kwao, mjomba wake, mama mkwe, wifi zangu wawili, na upande wangu kaka yangu peke yake. Mama mkwe akafungua karatasi ya daftari akasoma: kitanda, friji, kabati la vyombo, sufuria zote, na milioni mbili ya kuanzia maisha. Nisaini mbele ya mjumbe, nihame kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipouliza nyumba, mjomba akajibu kiwanja kilinunuliwa kabla hujaja. Nilipotaja bajaji, mume wangu akasema hiyo tuigawe nusu kwa nusu kwa sababu ilipatikana ndani ya ndoa. Yaani nyumba ya kabla ya ndoa ni yake, bajaji ya ndani ya ndoa ni yetu!

Sijasaini. Shamba la korosho la marehemu baba yake kule Mkuranga silitaki, sikulima hata shina moja. Nataka kujua kwenye hii nyumba nina haki kiasi gani, na kwenye bajaji yeye ana haki kiasi gani. Na je, nihame kama wanavyotaka?

Mzaramo_wa_Buza

Pole dada. Lakini tuambiane ukweli, kiwanja ni cha kwake. Na miaka yote hiyo ulikuwa unakula, unavaa, unalala kwa nani? Mbona hilo huliweki kwenye hesabu? Siku hizi mnaolewa na kalkuleta mkononi.

MamaNaima_Kivule

Kaka yangu, chapati nilizokuwa nakaanga saa kumi alfajiri ndizo tulizokula wote, na yeye akiwemo akirudi safari. Kalkuleta nimeichukua siku niliyosomewa idadi ya sufuria.

Msaidizi_Temeke

Dada Mama Naima, mimi ni msaidizi wa kisheria, kesi za ndoa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naandika kwa kirefu kidogo, nivumilie.

Usihame na usisaini. Hilo ndilo la leo.

Sasa kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mjomba mtu amesikia nusu ya sheria. Kifungu kidogo cha tatu kinasema mali ya kabla ya ndoa nayo inaingia kwenye mgawo kama wakati wa ndoa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenza mwingine, au na wote wawili. Kiwanja chenye mikorosho miwili kugeuka nyumba iliyopauliwa yenye fremu, kama huo sio uendelezaji mkubwa basi sijui uendelezaji ni nini. Ardhi tupu ya 2008 anaweza kuhesabiwa yeye. Kilichosimama juu yake mnagawana kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja.

Jina kwenye mkataba lina uzito lakini halimalizi kesi. Kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa jina la mmoja, inachukuliwa ni ya huyo mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Sikiliza hapo: mpaka athibitishe. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, kama ambavyo kwenye bajaji yenye jina lako mzigo ni wake.

Na mzigo huo haubebwi kwa kulia mahakamani. Mahakama inaangalia mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Daftari la kikoba ni dhahabu. Mwenyekiti au mweka hazina wa kikoba chenu aje kusema ulikopa lini na ulisema unakopa kwa ajili ya nini. Fundi aliyekuwa anapokea hela mkononi mwako aje. Aliyekuuzia mbao na bati kama bado ana duka, mwone. Miamala ya simu ya miaka hiyo ukiipata, omba.

Kazi ya nyumbani nayo ni mchango. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 kwenye shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Seif, kwamba kulea na kupika na kutunza nyumba kunaingia kwenye juhudi za pamoja. Watu wengi wanaitaja kesi hiyo wakaishia hapo. Mwenyewe Bi. Hawa aliondoka bila mgawo, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa fedha za biashara na hazikutumika ipasavyo, zikahesabiwa. Nakutajia ili ujue hela aliyokupa mume haisahauliki. Ile milioni moja na nusu ya bajaji itatajwa, wewe itaje mwenyewe kabla yake.

Wanaokwambia ni nusu kwa nusu, sheria haijaandika hivyo mahali popote kwa mali ya jina moja. Hakimu ndiye anapima. Kwa hiyo sikupi asilimia, na yeyote atakayekupa asilimia hapa bila kuona ushahidi anakudanganya.

Njia yenyewe: karatasi ya talaka haigawi mali. Mahakama inagawa pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Nenda kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa ndoa yenu BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) wanalo, na kata nayo inalo. Mume asipokuja akiitwa, hilo nalo linaandikwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na cheti hicho ndicho unachokwenda nacho mahakamani. Kwa Dar es Salaam mashauri ya ndoa na mirathi yana Kituo Jumuishi chake pale Temeke. Kama huna hela ya wakili, mashirika ya TAWLA, WLAC na LHRC yote yanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo.

Wakati unasubiri, usilale. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenza kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja chenu hakina hati, kwa hiyo andika barua serikali ya mtaa leo, mwenyekiti na mtendaji wapate nakala, uwaambie kuna mgogoro wa ndoa na wasigonge muhuri kwenye mauziano yoyote. Wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Nyumba nyingi za huku kwetu zinauzwa jioni moja mbele ya mjumbe na soda mbili.

Mzaramo_wa_Buza

Hiyo ya kuendeleza kiwanja sikuijua. Nimejifunza kitu hapa. Lakini bajaji nusu yake si ana haki?

Msaidizi_Temeke

Haki anaweza kuwa nayo, nusu ndiyo sijui ameitoa wapi. Alitoa theluthi ya bei, halafu miaka yote hii mafuta, matengenezo na dereva vimehudumiwa na mama. Na hela inayotoka hapo inalisha watoto wake. Sheria inataka mahakama iangalie pia mahitaji ya watoto wadogo na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Kama deni la kikoba lingekuwa bado halijaisha, nalo lingeingia mezani.

Ustadh_Gongolamboto

Naongeza upande wa dini kwa kuwa ndoa ni ya Kiislamu na naona mama mkwe ameliacha hilo nyuma.

Mke hana wajibu wa kujenga nyumba. Makazi ni wajibu wa mume. Kwa hiyo mke akitoa hela yake ikaingia kwenye bati, tunauliza aliitoa kama zawadi, kama mkopo au kama mshirika? Haigeuki kuwa ya mume kwa sababu tu amelala chini ya hilo bati. Mali ya mke ni ya mke, ndoa haikuifuta.

Na hiyo milioni mbili, mimi naitilia shaka. Kuna kitu kinaitwa kitoka nyumba, zawadi ya mume kwa mke anayemwacha. Hiyo ni stahili yake peke yake na haina uhusiano na tofali. Wasije wakakuandikia kitoka nyumba kisha chini yake wakaweka maneno kwamba umeridhika na huna madai mengine. Soma mstari wa mwisho wa karatasi yao kabla ya mstari wa kwanza.

Baraza likikuita, nenda na kaka yako. Ila mwambie asifoke. Nimekaa kwenye mabaraza, shemeji anayefoka anaharibu shauri la dada yake kuliko wakwe wote.

MamaNaima_Kivule

Ustadh, karatasi yao nimeipiga picha. Mstari wa mwisho umeandikwa: "Nimepokea haki zangu zote na sitadai kitu chochote tena." Mwe! Kumbe ndiyo maana walikuwa wananiharakisha hivyo, kalamu imeshafunguliwa kabisa.

Baba_Wawili_Tabata

Mimi nimeachana na mke wangu na tumegawana nyumba, kwa hiyo naongea kama mwanaume aliyekaa upande wa pili wa meza.

Watu wanapigania asilimia, wakishaipata hawajui waifanyeje. Ukiambiwa asilimia arobaini ya nyumba ya Kivule, utaichukuaje? Utabomoa sebule? Kwetu njia zilikuwa kuuza tugawane hela, mmoja amlipe mwenzake abaki na nyumba, au kukata nyumba vipande. Hiyo ya mwisho ndugu waliipenda sana, eti yeye vyumba vya nyuma mimi vya mbele, watoto wapite katikati. Nilikataa. Choo kimoja, mita ya umeme moja, mlango wa geti mmoja, na kesho mmoja wenu anaoa au anaolewa. Uwani humo patakuwa na vita kila LUKU ikiisha.

Tukakubaliana mimi nibaki, nimlipe. Sasa bei. Ndugu zangu wakaleta dalali wao akasema nyumba ni milioni ishirini na mbili. Shemeji zangu wakaleta wao akasema hamsini. Nyumba ileile, mchana uleule! Tukamtafuta mthamini aliyesajiliwa, tukachangia malipo yake, akapima akaandika ripoti na wote tukainyamazia. Gharama ile sijawahi kuijutia.

Nilimlipa kwa awamu tatu kupitia benki ili iwe na maandishi, na makubaliano yetu tuliyapeleka mahakamani yakaingizwa kwenye kumbukumbu. Yangebaki kwa mjumbe tu, ningeshindwa kulipa awamu ya pili angenidai wapi?

Kwa mama Naima mimi naona hivi, na ni maoni yangu tu. Baba ana hela ya lori na kodi ya fremu, ana uwezo wa kulipa kwa awamu. Wewe ukichukua bajaji yote kama sehemu ya mgawo wako, yeye akabaki na nyumba akakulipa tofauti, unanunua kiwanja chako Chanika mapema na unaanza msingi. Lakini wakikupa fremu badala ya hela, fikiria mara mbili, maana mpangaji ameshazoea kulipa kwa baba mwenye nyumba, na fremu ziko kwenye baraza la mtu aliyekuacha.

Dada_Kinyerezi

Baba Wawili, kwa nini yeye ndiye ahame? Ana watoto wawili, na wa miaka mitano sheria inachukulia anakaa na mama mpaka mahakama ione vinginevyo, kwa kuwa hajafika saba. Huyo mtoto atakwenda kulala kwenye msingi wa Chanika? Baba yuko barabarani mwezi mzima, nyumba ataikaa nani, mama mkwe? Mimi ningeomba nyumba nibaki nayo, halafu fremu na ile thamani ya kiwanja achukue yeye.

Baba_Wawili_Tabata

Dada, hoja yako ina nguvu. Ila kubaki kunataka hela ya kumlipa sehemu yake, na msingi na kiwanja ni vyake. Akiweza, abaki.

MamaNaima_Kivule

Nimesoma yote, watoto wameshalala. Ahsanteni sana, hata wewe kaka wa Buza.

Barua ya serikali ya mtaa nimeshaipeleka leo mchana. Mtendaji alisitasita, akaniambia "mama, mambo ya ndani haya mngeyamaliza wenyewe," lakini nikakaa kwenye benchi mpaka akagonga muhuri kwenye nakala yangu. BAKWATA naenda wiki ijayo na kaka, na nimemwambia asifoke.

Kuhusu nyumba au hela, dada wa Kinyerezi amesema lililo moyoni mwangu, lakini baba wa Tabata amesema lililo mfukoni. Nikipiga hesabu, siwezi kumlipa. Nimeanza kuelekea kwenye kulipwa, mradi bei itoke kwa mthamini na sio kwa mjomba. Bajaji nitaitaja yote na hela yake nitaisema wazi.

Swali langu la mwisho kwa Msaidizi. Fundi aliyejenga kuta na kupaua amehamia Kibaha, namba yake ninayo. Amenikubalia kwa simu kwamba anakumbuka hela alipokea kwangu, lakini anaogopa mahakama. Na risiti za bati zile za mashine nilizitunza, nimezifungua leo nakuta nyingine ni nyeupe tupu, maandishi yamefutika.

Msaidizi_Temeke

Za mashine hufutika wino, hasa zikikaa karibu na jiko. Zile ambazo bado zinaonekana hata kwa mbali, peleka kesho stesheneri utoe kopi na uzipige picha kwenye mwanga. Zilizo nyeupe usizitupe. Jaribu pia pale duka la bati, wengine wana vitabu vyao vya zamani.

Fundi usimtishe na usimpe hela ya "kusema vizuri", upande wa pili wakijua, ushahidi wako wote umeharibika. Mwambie hashtakiwi yeye, atasema alichokiona: alilipwa na nani, kwa kazi gani, mwaka gani. Akiendelea kuogopa, mahakama inaweza kumwita kwa hati ya wito. Nauli ya kutoka Kibaha unaruhusiwa kumpa, weka kumbukumbu yake.

Na ukienda BAKWATA chukua cheti cha ndoa, karatasi ya talaka, na nakala ya ile karatasi yao ya sufuria yenye mstari wa mwisho. Hiyo nataka baraza waisome.